Baraza Juu ya Baraza

Msanifu alikuwa ameshachora nyumba ya bibi yake mara tatu, na mara mbili Baraza la Majengo ya Kale lilikuwa limemrudisha akachore upya. Mchoro wa kwanza ulikuwa mpya mno, eti unautia mtaa aibu. Wa pili ulifanana mno na nyumba ya zamani ya Bibi, ile iliyoangushwa na mvua. Wakamwambia anaghushi historia. Wa tatu aliuchora kwa kupima: urefu wa majirani, madirisha membamba kama yao, kuta tupu zisizojifanya za kale. Na mbele akaliacha baraza, lile benchi la mawe lililoshikana na ukuta, kwa sababu ndilo pekee lililosalimika, pamoja na kipande cha ukuta wake, na kwa sababu Bibi, tangu ahamie kwa mjukuu ghorofa ya nne, alikuwa ananyong'onyea kwa kukosa watu wa kusalimiana nao.

Safari hii waheshimiwa walikuja wenyewe kukiona kiwanja. Walikuja na viatu vya kung'aa, wakazunguka kifusi, jua likawachoma sawasawa. Wote wakakimbilia kukaa kwenye baraza la Bibi, penye kivuli, wakanyoosha miguu na kushusha pumzi. Hapo ndipo busara ilipowashukia.

"Nyumba haina neno," alisema mwenyekiti, akiegemeza mgongo. "Ila hilo baraza halipatani na mtaa wa kihistoria. Linakaribisha watu kukaa ovyo."

"Kweli kabisa," akadakia katibu, ambaye alikuwa ameshavua viatu.

Bila baraza, Bibi angetoka kifungo cha juu na kuingia cha chini, basi. Msanifu akafungua mdomo ajitetee, lakini Bibi, aliyekuwa amesimama juani muda wote huo na fimbo yake, akamwahi.

"Kwa hiyo, wanangu, mmeamua baraza liondoke?"

"Liondoke, mama. Ndiyo sheria."

"Haya. Nyanyukeni basi."

Wakatazamana. Mwenyekiti akaangalia alipokaa, kana kwamba kuna mtu amemweka pale akiwa usingizini. Hakuna aliyenyanyuka, jua la nje ya kivuli halikuwa na mzaha. Mwishowe mwenyekiti akakohoa, akasogea, na Bibi akajibanza katikati yao, mahali pake pa miaka yote.

"Andika," mwenyekiti akamnong'oneza katibu, "baraza libaki."

"Lipi?" akauliza Bibi.

"La mawe, mama."

"Ahaa," akasema Bibi, akamgeukia mpita njia wa kwanza na kumsalimia.