Mtaro wa Shamba la Juu

Mvua ya Aprili ilipokatika, korongo lilikuwa limekaribia kabisa kaburi la mumewe. Jacinta alisimama ukingoni, akatazama mizizi ya mahindi ikining'inia hewani, kisha akavaa viatu vya kanisani na kushika tena njia ya ofisi ya kilimo ya Kombewa.

Alikuwa amezungushwa vya kutosha. Kombewa walimwambia mradi wa kuhifadhi udongo uko Kisumu mjini. Mjini wakamrudisha Kombewa. Huko akaambiwa afisa yuko semina. Leo afisa alikuwepo, dada aitwaye Debra, naye alionekana kuchoka kama yeye.

"Mama, twende nikaone," Debra alisema.

Walifika kwa bodaboda. Debra alishuka korongoni, akafuata njia ya maji hadi ua wa shamba la juu.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwa Opondo. Shemeji yangu."

"Maji yanaanzia kwake. Serikali inatoa mawe na nyavu za kuzuia udongo, lakini mitaro lazima ichimbwe huku juu. Bila yeye tutajisumbua bure. Ongea naye."

Ni rahisi kusema. Jacinta na Opondo hawakuwa wamesalimiana tangu matanga ya mumewe, walipogombania mpaka wa mashamba mbele ya watu. Debra alipoondoka, Jacinta alikaa kwenye nyasi kitambo kirefu. Alikuwa amechoka kuomba. Mwishowe akajikokota, akapiga hodi.

Opondo alikuwa akichambua maharagwe peke yake.

"Kaburi la ndugu yako linakwenda na maji," Jacinta alisema akiwa bado mlangoni.

"Naliona kila siku."

"Na ukanyamaza?"

"Wewe ndiye uliyesema nisikanyage kwako tena." Akamsukumia kigoda kwa mguu. "Keti, Mama Oyugi. Nimemwona yule afisa kwenye ua. Wanataka nini?"

"Mitaro. Kwenye shamba lako."

Opondo alitazama mtama wake mlimani. "Watachukua sehemu nzuri," alisema. Akachambua maharagwe mengine. "Sawa. Lakini mgongo wangu hauwezi jembe."

"Nitachimba mimi."

Kesho yake Jacinta alimpigia Debra simu. Debra alifurahi, kisha sauti ikashuka. Mawe ya mwaka huu yalikwisha gawanywa. Angewaombea bajeti ijayo. Kwa sasa alikuwa na nyasi ya nepia tu, ile ya kulishia ng'ombe, ya kupanda kingoni mwa mtaro ishike udongo.

Jacinta alikata simu. Alitamani kulala mpaka hiyo bajeti ije. Hata hivyo akabeba jembe, akapanda juu. Opondo alishika ncha moja ya kamba ili mstari usipinde, akikaa chini kila mara kupumzisha mgongo. Hadi jioni walikuwa wamefika nusu ya shamba.

Ilinyesha kidogo usiku. Asubuhi walikuta maji ya matope yametulia mtaroni. Upande usiochimbwa yalikuwa yamepita kama kawaida, yakamega udongo mwingine chini.

"Tuendelee?" Opondo aliuliza.

"Ngoja kwanza ninywe chai," Jacinta alisema, akaketi kando yake.