Mshono Chini ya Zulia

Shemeji alikuwa ameshalipenda gari kabla hawajafika. Njia nzima alimsimulia fundi, dada wa mke wake, namna lilivyong'aa na namna lilivyochomoka. Fundi alipanga vifaa vyake begini. Miaka kumi na tisa ya kutengeneza magari ya mashindano ya mbio ilimfundisha kuwa aliyekwisha kupenda hashauriki.

Dalali aliwapokea uani, akafunga geti la mabati, akaanza kumwaga sifa. Fundi alifungua boneti, akagusa injini. Ya moto. Alikuwa ameomba waikute baridi, asikie inavyogonga inapoamka, kwa hiyo akauliza nani ameiwasha. Dalali akacheka, akasema wanawake hawaishiwi maswali.

Fundi akatoa sumaku ndogo, akaipitisha ubavuni mwa gari. Mlangoni ikashika, karibu na gurudumu la nyuma ikadondoka, maana chini ya rangi palikuwa na pati tupu, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi, bila bati. Akainua zulia la ndani. Mshono wa kulehemu ulikatiza sakafu, mlango hadi mlango.

Akarudi mbele kutazama namba ya chesisi, mkono wa kulia ukingoni mwa boneti.

"Shemeji, haya ni magari mawili yaliyounganishwa. Siku utakayokanyaga mafuta na wanao wakiwa ndani, litakatika katikati."

Dalali aliibamiza boneti kwa mikono yote miwili. Fundi alisikia vidole vyake vikivunjika kabla hajasikia maumivu. Yule bwana akaegemeza kifua juu, akakandamiza.

"Futa kauli yako," akamwambia polepole.

Shemeji aliganda kwanza, kisha akamvaa, akamvuta shingoni. Dalali akageuka akampiga kichwa usoni, pua ikapasuka. Akamwangusha, akamkalia kifuani, akamkaba koo mpaka miguu ikaanza kurusharusha changarawe.

Fundi aliinua boneti kwa mkono wa kushoto, akachomoa vidole vilivyolegea kama kamba, akachukua spana ya magurudumu begini. Pigo la kwanza lilivunja bega la dalali. Akabiringika, akamshika fundi kifundo cha mguu. La pili likavunja kiwiko. Akaachia.

La tatu fundi alilipandisha juu ya kichwa chake. Dalali alifumba macho.

"Dada, basi," shemeji akasema, damu ikimjaa mdomoni.

Spana ilibaki hewani kitambo. Kisha akaitupa, akafungua geti, wakatoka wameshikana.

Hospitali walimkata fundi vidole viwili. Polisi walilivuta gari, na dalali akashtakiwa akiwa na mkono kwenye plasta. Mdogo wa fundi, mke wa shemeji, alipokuja kumlisha uji alilia, akamlaumu mumewe, akawatukana madalali wote wa dunia. Fundi alimeza uji. Vidole havikumuuma sana kama jambo moja, ambalo mwishowe alimwambia mdogo wake kwa sauti ya chini: alipoipandisha ile spana mara ya tatu, alijisikia raha.