Saa Iliyomezwa na Mashini

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, hayana chumvi wala pilipili. Nikiongeza hata punje moja, mvua ya kwanza ya msimu inimwagikie mimi peke yangu shingoni, na watu wote wa mtaa wetu unaoitwa Kenya wabaki wakavu wakinicheka. Naapa kwa marehemu baba, aliyewasha taa za reli tangu Kamina mpaka hapa Lubumbashi, mtu ambaye hakuwahi kusema uongo isipokuwa treni ilipochelewa.

Mstari ulikuwa umesimama. Ule mstari mwembamba wa buluu unaoonyesha masasisho yanavyoingia kwenye mashini, yaani kompyuta yangu, ulikuwa umetembea vizuri mpaka katikati ya kioo, halafu ukasimama kama mbuzi aliyefika ukingoni mwa maji.

"Nkambo, iko nakatala tena," Plamedie akasema.

Plamedie ni mtoto wa binti yangu, ndiyo maana ananiita Nkambo, yaani babu. Nimemlea mimi, na mchana ule alikuwa ameketi mezani kwangu na blauzi yake nyeupe ikining'inia nyuma ya mlango, haijavaliwa ili isikunjane. Chuo kimoja cha wakunga huko Kinshasa kilikuwa kimemwita kwa mahojiano, ile wanayoiita entretien. Si kwa miguu, kwa kioo: watu watatu wangemuuliza maswali kupitia mashini, saa tisa ya Kinshasa, yaani saa kumi yetu, kwa kuwa jua hutuamsha sisi kwanza. Barua yao ilisema wazi kwamba asiyeonekana kwa saa hiyo, nafasi yake itapewa mwingine. Lakini ukurasa wa chuo ulikuwa umetufungia mlango. Ulitaka tusasishe kwanza ile programu ya kufungulia mtandao, maana yetu ilikuwa imezeeka.

Sikuogopa. Mashini ile ilikuwa ya Linux, na Linux niliijua. Hakuna aliyenifundisha. Nilipostaafu reli nililala mwezi mzima na mashini chini ya mto wa kulalia, na maarifa yakanipanda kichwani taratibu kama mafuta kwenye utambi.

Kikwazo cha kwanza nilikiondoa nikicheka. Plamedie alikuwa amebonyeza kitufe cha masasisho, na mimi nilikuwa nikitoa amri zilezile kwenye dirisha jeusi. Kumbe programu mbili ziling'ang'ania ufunguo mmoja, hii haiingii, ile haitoki. Nikaifunga moja. Cha pili kilinitoa jasho kidogo. Sehemu ndogo ya diski inayohifadhi viini vya Linux ilikuwa imejaa viini vya zamani, kama ghala la mtu asiyetupa kitu. Nikafagia. Mstari ukatembea tena. Ukasimama tena.

"Vieux Stani," akasema Aruna, "mashini yako iko na kichwa nguvu kama mwenyewe. Kama ingekuwa treni, tungekuwa tulishafika ku Kamina na miguu."

Aruna ni jirani yangu, mtu wa Maniema, fundi wa kutarizi kanzu na magauni, na Vieux Stani, yaani mzee Stani, ndiye mimi. Simu yake ndiyo ilikuwa kwenye ukingo wa dirisha ikitupatia mtandao, ile réseau. Ya Plamedie ilikuwa imevunjika kioo. Aruna alikuwa ameketi kwenye kigoda na utepe wa kupimia shingoni, akilinda simu yake kama kuku anayelalia.

"Aruna, ngojea," nikasema. "Uko unasumbua fundi."

"Fundi wapi? Miye ninaona muzee na sanduku."

Plamedie hakucheka. Alitazama pembe ya kioo, pale saa inapoandikwa. "Saa nane na nusu," akasema. "Tuko na saa moja na nusu. Iko muzuri, Nkambo. Fanya polepole."

Nikarudia amri. Safari hii mashini ilijibu kwa maneno, na Plamedie akayasoma kwa Kifaransa, kidole kikifuata kila neno, kisha akageuka.

"Inasema ile fichier, ile faili ya kule, haiyafika saa yake. *Pas encore valide*. Inasema tungoje." Akavuta pumzi. "Tutangoja. Wakati iko."

Maneno kama hayo niliwahi kuyasikia.

Nimefanya kazi ya stesheni maisha yangu yote. Siku moja nilipokea habari kwamba treni imetoka Likasi kwa saa ambayo kwangu ilikuwa bado haijafika. Mwenzangu alifanya ishara ya msalaba. Mimi sikufanya. Treni haitoki kesho ikafika leo. Habari ikija kutoka kesho, ujue kuna saa mbili, na moja inadanganya.

Nikatazama saa yangu ya mkononi. Tisa na nusu.

"Plame," nikasema. "Hii mashini iko nyuma. Saa moja nzima."

Alitazama mkono wangu. Akatazama kioo. Niliona midomo yake ikihesabu bila sauti.

"Basi hatuna saa moja na nusu."

"Tuko na nusu saa."

Aruna alisimama. Kwa jirani mashine ya kusagia mahindi ilikuwa ikinguruma, na kila mngurumo ulikuwa kama mtu anayekokota kitu kizito kutoka chini ya miguu yetu. Ndiyo, saa ile ilikuwa imemezwa mbele ya macho yetu, na mshukiwa mimi nilimjua papo hapo: ni pile, ile betri ndogo ya ndani inayolinda saa mashini ikizimwa. Courant, yaani umeme, inayokatika kila siku ilikuwa imeiua.

Nikarudisha saa mahali pake. Nikaandika amri upya. Vidole vyangu, vilivyovuta nyenzo za reli bila kutikisika, vilikosea herufi, nikafuta, nikaandika tena.

Mashini ikakubali.

Mstari ukaanza kutambaa. Ukafika robo, ukasita. Aruna akainyakua simu dirishani, akapanda juu ya kigoda, akaiinua kwa mikono miwili kwenye tundu la hewa karibu na paa. Mstari ukatembea. Aliposhusha mkono kidogo kupumzika, ukasimama.

"Usishuke!" Plamedie akapiga kelele, halafu akakumbuka adabu. "Pole, papa Aruna. Tafazali, usishuke."

"Sishuke, mama. Hata kama mikono inakatika, nitatarizi na meno."

Plamedie alikwenda nyuma ya pazia akavaa blauzi. Aliporudi vifungo vilikuwa vimepishana, na ilibidi nimfungulie na kumfungia upya, kama siku yake ya kwanza ya shule.

"Nkambo, ikikatala?"

"Ikatale wapi? Inaniogopa."

Alinitazama machoni kwa muda. Sijui aliona nini. Mstari ukafika mwisho wakati yeye bado ananitazama, na Aruna, aliyekuwa akiuona kutoka juu kule, ndiye aliyesema kwa sauti ndogo, "Imefika. Fungula, fungula."

Ukurasa ukafunguka. Duara likazunguka. Nyuso tatu zikatokea, na sauti ya mwanamke ikasema, "*Bonjour, mademoiselle.*"

Tukatoka nje kwa vidole vya miguu, simu tukiwa tumeifunga na utepe wa Aruna kwenye msumari wa juu. Nikakaa kwenye kizingiti. Sauti ya Plamedie ilipita kwenye pazia, kwanza nyembamba, kisha ikapata miguu.

"Uko natetemeka," Aruna akaninong'oneza.

"Ni réseau," nikamjibu.

Hivyo ndivyo nilivyoisimulia hadithi hii kila Jumapili kwa miaka mitatu, kwa kiapo kilekile, katika kundi letu la wastaafu linalokutana uani kwa Aruna baada ya misa. Sisi tuna sheria moja tu. Anayekamatwa na uongo analipa amende, yaani faini: bidoo la munkoyo, dumu zima la kinywaji cha mahindi na mizizi, alikoroge mwenyewe, alibebe kichwani kama mama anayetoka bombani, barabara nzima, mchana kweupe. Mimi nimewatoza wengi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijalipa hata tone.

Jumapili iliyopita Plamedie alikuwapo. Amekuja likizo, mwakani anamaliza chuo. Aliketi nyuma akichambua maharagwe, akanisikiliza tangu kiapo mpaka réseau. Wazee wakapiga makofi. Yeye akaweka ungo chini.

"Nkambo, ile pile ilikufa?"

"Ilikufa kabisa. Niliizika mwenyewe chini ya mupapai."

"Pile ikikufa, saa inarudi nyuma miaka na miaka. Ile yetu ilirudi saa moja tu. Kamili. Sawasawa na Kinshasa."

Nikakohoa.

"Na tena, saa ya mashini inajipanga yeye mwenyewe ikipata réseau. Ile siku tulikuwa na réseau ya papa Aruna. Lakini mutu alikuwa alishaizima, ile ya kujipanga." Alikuwa akisema kwa upole, kama anayemwambia mgonjwa mahali pa kulala. "Pile haina bidole, Nkambo."

Aruna aligeuka taratibu. "Vieux?"

"Nilikuwa nataka asikose saa yao," nikasema. "Jana yake, alikuwa amelala. Nikaiweka mashini ku saa ya Kinshasa. Nikasema nitamwambia asubuhi."

"Na asubuhi?"

"Nikasahau."

Ua lote likalipuka. Mzee mmoja alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. "Amende! Amende!"

Nilimgeukia mjukuu wangu. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile siku. Nilifungula mashini kisha entretien kuisha, nikaona."

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilingoja nirudi," Plamedie akasema, akichukua ungo wake. "Nani angeninywea munkoyo yangu?"

Nimelipa. Mahindi ya Lukafu, mizizi niliiponda mwenyewe, siku mbili za kukoroga. Leo mchana nimelibeba bidoo kichwani, Plamedie pembeni, Aruna mbele akipiga kengele ya baiskeli, wanawake wakitoka milangoni. "Papa Stani, funga kitambaa! Papa Stani, tembea polepole, wanaume wanakuangalia!" Karibu na kinu cha mahindi kizibo kikalegea. Munkoyo ikanishuka shingoni, baridi, mpaka kiunoni. Juu ya wengine halikuanguka tone.

Jioni, nikiwa nabadilisha shati, nilimkuta Plamedie sebuleni amesimama mbele ya saa ya ukutani. Alikuwa ameinua mkono.

"Nkambo, na hii iko nyuma. Saa moja."

"Iache," nikamwambia, "mpaka umalize kule."

Mkono ulibaki hewani kidogo. Kisha akaushusha, akafuta vumbi kwenye kioo cha ile saa kwa pindo la kitenge chake, akaenda kuweka maji ya bukari, ugali wetu, motoni.