Alama ya Mpole

Kazi yangu mimi ni kuuliza watu ng'ombe wao wamezaaje. Usicheke. Kituo chetu kinafuga madume ya ng'ombe wa maziwa na kuuza mbegu zao, na uzuri wa dume hauonekani kwa kumtazama pembe. Unaonekana kwa ndama. Basi nashika simu tangu asubuhi: mama, ng'ombe alizaa mwenyewe? Alisaidiwa? Alivutwa kwa kamba? Aliyezaa mwenyewe naandika moja, na yakiharibika kabisa naandika tano. Alama zikijumlishwa tunajua dume yupi apewe mtamba, ng'ombe ambaye hajawahi kuzaa, na yupi asimsogelee hata kidogo.

Dume niliyempenda kuliko wote ni Mpole. Jina nilimpa mwenyewe, na picha yake iko ukutani juu ya meza yangu, kichwa kama sanduku. Wafugaji nao walinipenda, maana mdomo wangu hauna breki. Tunacheka kwanza ndipo tunaulizana. "Alizaa salama, mwanangu," wananiambia, "lakini..." Na hapo mimi nadakia, "Hongera sana, mama!" Naandika moja, napiga kwa mwingine. Hiyo lakini nilikuwa naisikia vizuri sana. Nilijitia hamnazo tu.

Sasa, dada yangu mkubwa, huyu aliyenilea, ana mtamba mmoja tu zizini, mzao wa mwisho wa ng'ombe wa marehemu mama. Tunamwita Bibi Harusi kwa yale maringo yake ya kutembea. Wakati wa kumpandisha ulipofika, Dada aliniuliza mimi, nami nikamjibu kifua mbele: Mpole, hakuna mwingine.

Nilichukua likizo nikaenda kwake kumpokea ndama. Uchungu ulianza asubuhi, tukiwa tunakunywa chai. Kwato mbili zikachungulia, na nilipoziona tu moyo ukanilipuka paa. Zilikuwa nene mno. Kichwa hakikuonekana.

"Tumwite daktari?" Dada akauliza.

"Wa nini? Huyu ni ndama wa Mpole, Dada. Mpe muda."

"Haya, wewe ndiye mjuzi," akasema, akapindua ndoo, akakaa juu yake, akawa anampapasa mtamba mgongoni. Aliniamini, jamani. Laiti angenibishia! Mimi nilishajua pale pale kwamba mambo si mazuri, lakini kumwita daktari kwa ajili ya ndama wa Mpole kulinishinda. Niliona aibu. Aibu ya dume, hebu fikiria.

Chai ikapoa. Bibi Harusi akalala ubavu, akaacha kusukuma. Hapo ndipo nilipompigia daktari wa mifugo. Alikuja na kamba, akamwita na jirani, fundi baiskeli mwenye mikono ya nguvu, wakavuta wao wawili na Dada. Mimi nilishika kichwa cha Bibi Harusi nikamwomba msamaha sikioni, kwa sababu yeye hakuweza kuniuliza kitu.

Ndama alitoka mkubwa, mabega mapana, mzuri ajabu, mfu. Daktari alimsugua kifua, akampulizia puani, ng'o.

"Mficha uchi hazai, mama," akamwambia Dada huku akinawa. "Ukiona kwato bila kichwa, unaniita hapo hapo. Sasa hivi huyu angekuwa ananyonya."

"Ni uzembe wangu, daktari," Dada akajibu. Hakunitaja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na ule mdomo wangu usio na breki, siku hiyo ulikuwa nazo.

Baada ya siku chache Bibi Harusi akaweza kusimama vizuri. Dada alikuwa anamkamua, mimi nimeshika mkia, simu yake ikalia. Akaiweka sauti ya juu asiache kazi. Alikuwa mwenzangu wa ofisini, aliyekuwa ananishikia zamu.

"Mama, mtamba wako alizaaje?"

Dada akaniangalia, akanikonyeza. "Alizaa mwenyewe, mwanangu. Mpole ni mpole kweli."

Alikuwa ananilinda, kama alivyonilinda utotoni kila nilipovunja chombo. Nikawakumbuka wale akina mama wote wa kwenye simu, waliokuwa wakinistahi mimi na dume wangu.

"Hongera sana, mama! Basi ni moja," mwenzangu akasema.

Nikamnyang'anya Dada simu. "Andika tano."

"We! Si uko likizo? Tano ya nani?"

"Ya Mpole. Ndama kavutwa kwa kamba, kazaliwa mfu. Na mtoeni kwenye orodha ya mitamba leo leo, msingoje mkutano. Wote niliowaandikia moja nitawapigia upya, mmoja mmoja."

"Mpole? Mpole wako huyu?"

Nikakata simu. Dada alikuwa ameacha kukamua. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Wote?" akasema taratibu. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Hapana, Dada. Wenyewe ndio waliosema salama. Mimi niliandika walichoniambia, lakini..."

Nikangoja adakie. Aseme yaliyopita si ndwele, aseme pole mdogo wangu, anikatize tu niokoke. Dada akasogeza ndoo ya maziwa pembeni, akafuta mikono kwenye gauni, akanigeukia.

"Lakini nini?" akauliza, akangoja.