Hangova ya Fundi Milimita

Fundi vioo aliyeitwa Milimita aliamka na kichwa ambacho, kwa maoni yake, kilikuwa cha mtu mwingine, tena mwenye kichwa kikubwa. Ulimi ulikuwa mkavu kama msasa. Hayo angeyavumilia. Kilichomtoa jasho ni upande wa pili wa kitanda: ulikuwa umeshatandikwa. Mkewe alikuwa ameondoka bila kumwamsha wala kumfokea. Alikuwa amemwachia jagi la maji kando ya kitanda, basi.

"Angenitukana ningepona," Milimita aliwaza, akayafakamia maji yote.

Jana walikuwa wanamuaga fundi mwenzao anayehama. Bia za mwanzo alizikumbuka vizuri. Alikumbuka pia kupanda juu ya kiti, mkono mmoja hewani, akatangaza, "Mke wangu..." Watu wakaangua kicheko. Akakumbuka, kwa mbali, mkoba wa mkewe pale mlangoni. Baada ya hapo, giza totoro. Mke wangu nini?

Na siku yenyewe ndiyo hii. Jioni mkewe anafungua saluni yake, ng'ambo ya barabara mkabala na karakana, na kioo kikubwa cha ukutani bado hakijakatwa. Kiko kimoja tu, na Milimita aliapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaokigusa.

Karakanani alimkuta Bawaba, fundi wa madirisha, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake hufunguka na kufungika kutwa nzima. Alikuwa anapiga mluzi.

"Wewe si tulikunywa wote jana?" Milimita alinung'unika.

"Tena nilikuzidi, kaka! Nimeamka naimba."

"Kwa sababu huna wa kukununia. Nani akununie, paka?"

"Paka alishahama."

"Bawaba, jana nilisema nini pale kwenye kiti?"

"Usiniulize mimi. Nilikuwa chini ya meza natafuta kiatu. Nilisikia wanacheka, nikawasaidia."

Milimita akachukua kipande cha kioo cha kutupwa, akapiga mstari wa kujaribu. Mkono ukatetemeka, mstari ukaenda kama mtu anayerudi kutoka kilabuni. Kukata kioo si kama kukata mbao. Mstari unapigwa mara moja, kwa pumzi moja, na gurudumu la kikatio linalia *chiriii* bila kukatika. Ukirudia mstari, kioo kinakasirika na kupasuka kinapotaka chenyewe. Sasa asubuhi nzima Milimita alikuwa anairudia jana kichwani, na kila akiirudia inapasuka pabaya zaidi. Mara ya kwanza alikuwa amemwita mkewe mnene. Mara ya pili alikuwa ametoboa siri ya wigi la mama mkwe. Safari iliyofuata alikuwa amelivaa hilo wigi.

Bawaba alimwonea huruma, akachomoa kichupa nyuma ya makopo ya gundi. "Zimua, kaka. Funda moja tu, mkono unatulia."

Harufu ilimpiga Milimita puani, na kweli mate yalimjaa. Akakitazama kichupa. Akautazama mkono wake.

"Toa hicho kitu. Nikizimua nitatulia bila kujua nilisema nini. Halafu kesho nizimue tena?"

Akavua glavu, akavuka barabara.

Mkewe alikuwa juu ya stuli anafuta rafu. Hakugeuka.

"Karibu, Fundi."

Nyumbani aliitwa Mili. Akiitwa Fundi, ujue kuna kesi.

"Mke wangu, jana nilisema nini?"

"Hukumbuki?"

"Sikumbuki. Nataka kulisikia kutoka kwako, hata kama ni la mama na wigi lake."

"Wigi la mama limeingiaje hapa?" Aligeuka sasa, kitambaa mkononi. "Ulisema, 'Mke wangu anafungua saluni. Ikifika mwezi wa pili haijafungwa, ninyoeni kipara, tena kwake mwenyewe.' Wakacheka mpaka wakashikana. Na mimi nimesimama mlangoni, nimekuja kukuchukua."

Neno lilikuwa dogo kuliko yote Milimita aliyoyatunga asubuhi, lakini liliuma kuliko yote, kwa sababu hakulitunga jana. Alikuwa analo siku nyingi, amelifungia.

"Nimekukosea," alisema. "Sitasingizia pombe. Niliogopa tutashindwa, nikaona bora nicheke mapema."

"Pombe haiijui saluni yangu. Wewe unaijua." Akashuka kwenye stuli. "Sikiliza, Fundi. Kichwa ni chako, kioo ni changu. Mkono ukitetemeka usikiguse. Nitatundika kile cha bafuni, wateja wajitazame kwa zamu."

"Nitakikata."

"Sikukuuliza."

"Najua. Nitakikata."

Alirudi karakanani. Kichwa bado kilikuwa kinagonga, lakini ile sinema ya wigi ilikuwa imezimwa. Akanywa maji. Akakata vipande vya kutupwa kimoja baada ya kingine, vikivunjika anafagia, anaanza upya. Aliapa hatagusa kile kikubwa mpaka gurudumu lilie bila kukatika.

"Kaka, utamaliza takataka zetu zote," Bawaba alisema.

"Nyamaza, nasikiliza."

Bawaba akanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kama bawaba iliyotiwa mafuta.

Alasiri, *chiriii* ikatoka nzima. Akarudia kwenye kipande kingine, nzima tena. Ndipo walipokilaza kioo cha saluni mezani, juu ya blanketi. Milimita akaweka rula, akavuta pumzi, akapiga mstari mmoja hadi mwisho. Akakibonyeza ukingoni mwa meza. *Tak!* Vipande viwili vikaachana kama vilivyokubaliana.

Walikivusha barabara wakipiga kelele watu wapishe, wakakitundika. Milimita akajiona humo: macho mekundu, nywele zimesimama. Akajitupa kwenye kiti kipya cha kunyolea.

"Haya, ninyoe kipara. Nimeshindwa."

Mkewe alikagua kioo kona kwa kona, akapitisha kidole ukingoni, taratibu. Nje wateja wa kwanza walishaanza kuchungulia.

"Shuka kitini, Mili," alisema. "Mwezi wa pili haujafika. Utakuja kunyolewa siku hiyo, na utapanga foleni kama wenzako."