Majina Tisini na Matatu

Ulipita hapo, usikatae. Kila Alhamisi akina mama wa mtaa wa Kipsongo walikuwa ndani ya kidimbwi cha kuogelea cha Kitale na ndoo na fagio, magoti yao kwenye ute wa kijani, na wewe ulipita nje ya ukuta na mkoba wako, ukasikia kelele za ndoo, ukageuza uso. Ukajifanya unasoma bango la mbolea. Hakuna mtu husoma bango la mbolea kila wiki kwa miaka sita.

Aliyekuwa mbele ya akina mama hao ni Edah Nakhungu, mzaliwa wa Tongaren, muuza mahindi ya kuchoma karibu na soko. Watu humwita Mama Nanjala. Nanjala mwenyewe alizama mwaka wa themanini na sita, akiwa na miaka tisa, kwenye timbo, lile shimo palipochimbwa mawe ya barabara likaachwa lijae maji ya mvua. Alikwenda kuogelea huko kwa sababu kidimbwi cha mji kilikuwa kimefungwa. Pampu mbovu, walisema. Wiki tatu tu, walisema. Kilifungwa miaka miwili. Siku ya maziko wakubwa wa manispaa walituma shada la maua.

Mwaka wa mlolongo, watu walipopangwa nyuma ya wagombea kama ng'ombe wanaosubiri kuogeshwa dawa ya kupe, Edah alimwendea Kimaiyo, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa mlinzi wa lango la kidimbwi.

"Mzee, nipe funguo."

"Pampu ni mbovu, mama."

"Sikuomba pampu. Nimeomba funguo."

Wakafanya bila pampu. Upande wa maji marefu waliuacha, wakashika upande wa watoto. Kila Alhamisi ndoo zilipanda ngazi kutoka mkono hadi mkono, maji machafu yakamwagwa kwenye sukumawiki nyuma ya ukuta, sakafu ikasuguliwa kwa mchanga na jivu, bomba likafunguliwa mpaka kesho yake. Jumamosi Kimaiyo alivua buti akawafunza watoto kuelea. Tangu mwaka huo timbo halijachukua mtoto mwingine. Hata mmoja. Wakubwa hawakuchangia hata kipande cha sabuni.

Sasa sikia walivyofanya. Mwezi wa sita mwaka huu wa tisini na nne, diwani Festus Walubengo aliitisha mkutano palepale kidimbwini. Alikuja na kreti za soda na mikate. Akawasifu akina mama mpaka wakaona haya. Siku hiyo ya soda hata wewe ulikumbuka lango liko wapi.

Halafu karatasi ikaanza kuzunguka. Unaijua ile karatasi. Harambee, matanga, mkutano wa chifu, kote ni hiyo hiyo: unaandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, ndipo unapewa soda. Asiyeandika huonekana amekuja kupeleleza. Edah mwenyewe ndiye aliyeibeba, akipita kati ya watu na kuwaharakisha, mpaka akafika kwa Kimaiyo.

"Mzee, weka sahihi, soda inapata moto."

Kimaiyo akaigeuza karatasi. "Hii haina kichwa. Juu ni peupe."

"Si ni ya waliohudhuria?"

"Basi iandikwe hivyo."

"Ala! Jeshi lilikuharibu, Mzee. Unashuku hata soda."

"Mpigie saluti kwanza, ndio ataandika!" mtu mmoja akapaza sauti, na watu wakacheka mpaka mikate ikawaanguka. Kimaiyo hakuandika, na soda hakupewa. Majina yalifika tisini na matatu. La kwanza lilikuwa la Edah Nakhungu.

Wiki mbili baadaye lango lilikuwa na kufuli jipya, na mabati yamezunguka ukuta, yamebandikwa notisi ya wakili wa Bungoma. Edah akapanda gari hadi Bungoma, kwa Eliakim, mdogo wa mume wake, anayepiga taipu kwa wakili huyo.

"Mulamwa, kaa kwanza," Eliakim alimwambia shemeji yake.

"Nimekaa kwenye gari tangu asubuhi. Sema nikiwa nimesimama."

Eliakim akatoa nakala kwenye faili. Sisi wakazi tulioandika majina hapa chini, barua ilisema, tumekubali kidimbwi kifukiwe, na ploti apewe mwekezaji ajenge duka la jumla. Nyuma yake ilikuwa ile karatasi ya soda, na alama ya dole gumba lenye mafuta ya mkate.

"Nani aliandika haya?"

"Nilipiga taipu mimi. Nililetewa tu. Sikujua ni ninyi, mpaka nilipokuwa nikizibana pamoja nikaona jina lako."

"Ukaona jina langu, ukabana?"

Eliakim akaangalia viatu vyake. Viatu vizuri, vimepigwa rangi.

Kesho yake Edah alisimama mbele ya meza ya diwani.

"Mama Nanjala, si huu ni mwandiko wako?" Walubengo alisema akitabasamu. "Ama soda ilikulewesha?"

"Toa jina la mtoto wangu mdomoni mwako."

Tabasamu likakatika. Karani aliyekuwa pembeni ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba aliyeandika jina anaweza kulifuta, lakini aje mwenyewe na kitambulisho chake. Wakifuta zaidi ya nusu, barua imekufa. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi jioni.

Edah akazunguka nyumba kwa nyumba. Mmoja alikuwa anapalilia. Mwingine mume wake ni mtu wa serikali. Agneta, ambaye watoto wake wanne wamefunzwa kuelea na Kimaiyo, alijibu akiwa nusu nyuma ya mlango.

"Si nitakuja, bana. Lakini ati ukifuta jina, unaandikwa kwa kitabu kingine."

"Waache waandike. Mimi niliwaongoza kuweka, sasa nawaongoza kutoa. Nichukie kama unataka, Agneta, lakini vaa viatu."

Agneta akavaa viatu.

Edah alimkuta Kimaiyo ameketi juu ya jiwe katikati ya lango, na malori mawili ya udongo yamesimama mbele yake, madereva wakipiga honi.

"Cheka basi, Mzee. Uliona, mimi sikuona."

"Nikianza kucheka, nani atakaa hapa?" Kimaiyo alisema, na hakusogea.

Leo ni Alhamisi. Kufikia saa sita mchana majina yaliyofutwa ni thelathini na moja. Bado kumi na sita. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, timbo limejaa hadi ukingoni, na watoto wa Kipsongo wameanza kuuliza njia ya kwenda huko. Edah amesimama kwenye ngazi za ofisi na orodha mkononi, sauti imekauka, anaita majina. Mojawapo ni lako. Ulikunywa soda ile, ukaandika na nambari. Weka chini karatasi hii unayosoma. Chukua kitambulisho, nenda ukafute jina lako kabla mlango haujafungwa. Na wewe mwingine unayesoma, ambaye hukuandika popote, nenda ukakae na Kimaiyo langoni, malori yakute watu wawili. Usimalize chai. Inuka.