Kengele ya Tangi la Misima

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Jabiri ni kwamba alipuliza chai iliyokwisha poa. Hakuionja kwanza. Alipuliza tu, kwa kuwa chai hupulizwa.

Ndiye aliyeandika programu ya tangi letu la maji hapa Misima. Mimi kazi yangu ni bombani: kengele ikilia nafunga, na maji yaliyobaki ni ya zahanati. Tangi la zamani lilipopasuka likaletwa jingine kutoka Korogwe, jembamba, kwa hiyo alama ya akiba, kile kimo cha maji kinacholiza kengele, ikabidi ipandishwe. Jabiri akaipandisha, akasema tayari.

Siku ya kwanza kengele ililia, nikafunga papo hapo. Zahanati ikapata maji ya kunawa mikono tu, na ndani kuna mama anajifungua.

"Hafsa kasinzia," Jabiri akasema. Alimwambia mama yake, akawaambia vijana wa kijiweni Mkata, akaiambia foleni nzima ya ndoo nikiwa nimesimama hapo hapo. "Mtu kaishia darasa la nne, mnamkabidhi kengele!"

Kamati ikataka kuniondoa. Mwenyekiti, mama Mwaija, akasema kwanza aitwe Jacob, fundi wa kompyuta wa Korogwe.

Jacob aliisoma programu kidogo, akacheka. "Kaka, hii ni Python au umepanda mihogo? Alama ile ile umeichomeka kwenye klasi ya Tangi, fungu la programu linalopima maji, ukaichomeka tena kwenye klasi ya Kengele. Umebadilisha ya Tangi tu. Kengele bado inalilia tangi lililokufa."

"Nilinakili iwe rahisi," Jabiri akasema.

"Iweke kwenye faili moja pembeni, klasi zote ziisome huko."

Mama Mwaija akaguna. "Yaani msikiti mmoja, kila safu na imamu wake."

Jabiri akapuliza chai. "Haya, Hafsa hakusinzia," akaiambia kamati, bila kunitazama.

Nikabaki na kazi yangu. Lakini foleni bado inaniita Usingizi. Jana mama yake Jabiri kaja na madumu mawili: "Leo umeamka, mwanangu?"

"Shikamoo, mama," nikasema, nikajaza.

Kaka Jabiri, mbele za watu sauti yangu hukauka, ndiyo maana hukunisikia nikijitetea. Alama yako umeiweka mahali pamoja. Uongo wako juu yangu umeufuta mahali pamoja tu, na kwingine kote ulikoupanda umeuacha unamea. Kaufute. Anzia kwa mama yako. Na hiyo chai imepoa, mpumbavu wee. Inywe.